Si tasa, ila vigawo vyake havijulikani

Muuza machungwa wa Soko la Mgandini hapa Tanga, ukimpa machungwa 91 ayapange mafungu yaliyo sawa, atakutolea mafungu 13 ya saba saba. Mpe 97 uone. Ama atayaacha lundo moja, ama atauza moja moja, kwa sababu 97 ni namba tasa. Jina hilo mimi binafsi silipendi: namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote.

Walimu wanaopita idarani kwetu huuliza: mtu anawezaje kusema namba kubwa si tasa kabla hajapata kigawo chake hata kimoja? Ni kama kumwita mtu mwizi kabla hujaona alichoiba.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alidai kwamba ukichukua 2 kwa kipeo cha 67 ukatoa 1, unabaki na namba tasa. Dai hilo lilidumu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, akaonyesha kuwa si tasa, lakini vigawo hakuvitaja, maana hakuwa navyo. Alivipata Mmarekani Frank Nelson Cole, mwaka 1903:

147,573,952,589,676,412,927 = 193,707,721 × 761,838,257,287

Inasimuliwa kwamba Cole alikwenda ubaoni, akaifanya hesabu hiyo kimya, akarudi kuketi, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Huna haja ya kumwamini hivi hivi. Jumlisha tarakimu za namba kubwa: 109, kisha 10, kisha 1. Vigawo vyake vinatoa 37 na 64, na vyote viwili vinaishia 1. Moja mara moja ni moja, hesabu imekubali. Njia hii haithibitishi jibu, ila hukamata makosa mengi. Sasa toa 1 kwenye 193,707,721: kinachobaki kinagawanyika kwa 134, yaani 67 mara mbili. Hiyo si bahati. Kila kigawo cha namba hii lazima kiache baki 1 ukikigawa kwa 134, kwa hiyo mtafutaji hana sababu ya kujaribu kila namba.

Turudi kwa Lucas. Kipimo chake ni kirefu kwa makala hii, lakini wazo lake linaonekana kwenye kipimo chepesi cha Pierre de Fermat. Kama namba ni tasa na si 2, basi 2 kwa kipeo kilichopungua moja kuliko namba hiyo, ukigawa kwa namba hiyo hiyo, huacha baki 1. Jaribu 7: 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, gawa kwa 7, baki 1. Jaribu 15: 2 kwa kipeo cha 14 ni 16,384, gawa kwa 15, baki 4. Kwa hiyo 15 si tasa, na 3 na 5 hatujazitaja popote. Tahadhari: 341 hupita kipimo hiki ingawa ni 11 mara 31. Baki likiwa 1, usishangilie bado.

Pengo hili, kati ya kujua kwamba namba inagawanyika na kujua inagawanyika kwa ngapi, ndilo linalolinda funguo za siri za aina ya RSA kwenye intaneti, yaani njia ya kuficha ujumbe kwa namba kubwa iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili. Kuzidisha namba tasa mbili ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma ni mateso: RSA-250, namba ya aina hiyo iliyotolewa kama changamoto, yenye tarakimu 250, ilipatiwa vigawo mwaka 2020 kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. RSA-2048 ina tarakimu 617, inajulikana wazi kuwa si tasa, na bado hakuna aliyetangaza vigawo vyake.

Onja mwenyewe: tafuta vigawo vya 8,051 bila kikokotoo. Anayeanza na 3, 7, 11 atachoka. Aliyeona kwamba ni 8,100 toa 49 amemaliza: 90 toa 7, mara 90 jumlisha 7, yaani 83 mara 97. Ndiyo sababu watengenezaji wa funguo huepuka namba tasa zinazokaribiana.