H. pylori na vinyama vya utumbo mpana

Wapo wanaoamini kwamba vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana huletwa na H. pylori, bakteria yule yule wa vidonda vya tumbo, na kwamba ukimaliza dozi yake, utumbo nao umepona.

Imani hii haikuzuka hewani. Tafiti kadhaa zimeviona vinyama hivyo mara nyingi zaidi kidogo kwa watu wenye bakteria huyo. Ila kuonekana pamoja si kusababishana: umri, sigara na unene huongeza vinyama pia, na si rahisi kutenganisha athari za mambo hayo na za bakteria. Makao ya H. pylori ni ukuta wa ndani wa mfuko wa tumbo unaopokea chakula. Huko madhara yake yamethibitika: vidonda na, kwa baadhi ya watu, saratani ya tumbo. Kwa hiyo kumtibu kuna maana, kwa kawaida kwa siku 10 hadi 14 za antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi. Lakini dawa hizo haziondoi kinyama kilichokwisha kuota. Hicho hutafutwa na kukatwa kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Na kwa kuwa vingi haviumi, kusubiri maumivu hakusaidii.

Ukisoma habari ya namna hii, tazama kama watafiti waliwatibu watu na kuwafuatilia kwa miaka, au waliwapima mara moja tu. Na ukiona damu chooni, au mzazi ama ndugu yako aliwahi kuugua saratani ya utumbo, mweleze daktari hata kama kipimo cha H. pylori kimetoka hasi.