Nafsi ni nini, na kwa nini haiuawi

Kwenye semina za vijana hapa Tanga, kwenye vipaza sauti vya mihadhara na hata kwenye mawaidha ya harusini, kauli imekuwa moja: "Adui yako namba moja ni nafsi yako. Iue." Juzi nimeisikia tena Ngamiani, ikisemwa na kijana mwenye sauti nzuri na nia nzuri, na watu wakaitikia. Nimeona niandike.

Nafsi ni mtu mwenyewe: yule anayesema "mimi" na akajua kwamba ni yeye anayesema. Roho ni uhai uliomo mwilini, akili ni ya kupimia mambo, fahamu ni kuwa macho na kujua kinachoendelea. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bombo akapoteza fahamu hajapoteza nafsi yake. Jamaa waliokaa nje kwenye mabenchi na vyakula vyao kwenye hotpoti wanamngoja yeye, kwa jina lake, arudi.

Neno tumelipokea kutoka Kiarabu, nafs, na mzizi wake ni uleule wa nafas, yaani pumzi. Humo ndimo tulimopata tanafusi, na ndimo ilimotoka binafsi. Roho nayo ni ruh, jamaa ya rih, upepo. Yote mawili yana harufu ya hewa, ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya, na wapo wanazuoni wakubwa waliosema ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sibishani nao. Nasema tu kwamba watu wa pwani wameyagawia kazi. Roho hutoka, huuma, huwa nzuri au mbaya, na mtu hukabwa roho. Nafsi humsuta mtu. Si kawaida kusema roho imemsuta.

Sikiliza msibani. Wenye kuzoea husema "kila nafsi itaonja mauti", kama ilivyo katika Aal Imran, aya ya 185. Wengine siku hizi wanasema "kila roho". Badiliko ni dogo, lakini maana imehama. Kuonja kunataka mwonjaji, mtu anayeijua ladha inayompata. Aya inamzungumza mtu mzima, mimi na wewe, na si uhai unaomtoka.

Shuleni nako tumefundishwa vivyo hivyo: nafsi ya kwanza ni msemaji, ya pili ni msemeshwa, ya tatu ni msemwa. Mtoto wa darasa la tatu anayejua kwamba "ni-" ya "ninakula" ni nafsi ya kwanza, ameshashika maana ya msingi kuliko anayehubiri kwamba nafsi ni mdudu wa kutolewa.

Najua kauli ya kuua imetoka wapi. Imetoka Surat Yusuf, aya ya 53, panaposemwa kwamba nafsi huamrisha sana maovu. Hiyo ndiyo inayoitwa nafsi ammara. Tatizo ni kwamba aya hukatwa katikati, kwa sababu inaendelea: "isipokuwa ile aliyoirehemu Mola wangu". Na Qurani haikuishia hapo. Surat al-Qiyama, aya ya 2, inaapa kwa nafsi lawwama, inayojilaumu, na hakiapiwi kitu cha kutupwa. Surat al-Fajr, aya ya 27, inaiita nafsi mutmainna, iliyotua, na aya zinazofuata zinaiambia irejee kwa Mola wake hali ya kuwa radhi. Walimu wetu wa vyuoni wamezisoma hizi miaka yote kuwa ni hali za nafsi hiyohiyo. Ukiiua inayoamrisha, umeiua na inayojilaumu, na ya kutua hutaifikia kamwe. Tena al-Israa, aya ya 33, inakataza waziwazi kuiua nafsi iliyoharamishwa kuuawa ila kwa haki. Nafsi hapo ni nani? Ni mtu.

Wanafalsafa nao, Waislamu na wasio Waislamu, wamelihangaikia jambo hili. Descartes, mwaka 1641, alijaribu kutilia shaka kila kitu, akakuta kwamba mwenye kutia shaka hawezi kujikana. Miaka 600 na zaidi kabla yake, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo vimetanuliwa visigusane, haoni, hasikii, hagusi. Mtu huyo hajui kwamba ana mikono. Je, anajua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu kwamba anajua, na hicho anachokijua ndicho alichokiita nafsi. Mpinzani mkubwa ni Hume, mwaka 1739. Alisema kila alipojitazama ndani alikuta joto au baridi, mapenzi au chuki, hakumkuta mwenyewe. Hoja yake ni nzito na haijaisha kujadiliwa. Lakini hata yeye aliyeitafuta asiipate hakusema kwamba kuna mpangaji mbaya chumba cha uani anayestahili kufukuzwa.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kijana wa miaka kumi na saba akiambiwa kila Ijumaa na kila semina kwamba adui ni nafsi yake, anaelewa kwamba adui ni yeye. Anaanza kujichukia kwa jina la ucha Mungu, na anayemwona nyumbani anadhani ametulia.

Basi kaka yangu wa Ngamiani, na wengine wote: ukikusudia tamaa, itaje tamaa. Ukikusudia kujipendelea, neno ni ubinafsi. Hasira ina jina lake, na uvivu una lake. Nafsi yenyewe waambie vijana wailee na waihesabu, na ukiwasomea ya Yusuf, wasomee mpaka mwisho wa aya, uwaongezee na ya al-Fajr.