Unamtafuta bibi wa karne ya 19 Marekani? Anza na karatasi za mali

Kazi yangu ni kufuatilia nasaba za Marekani, na wateja karibu wote huja na lalamiko moja: babu yumo kila daftari, bibi hayumo popote. Lawama ya kwanza ni ya sensa. Kuanzia 1790 hadi 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke na mabinti wakawa tarakimu kwenye safu za umri. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipotajwa kwa jina, na 1880 ndipo kulipoandikwa nani ni nani kwa mkuu wa kaya. Sensa ya 1890 nayo karibu yote iliharibika kufuatia moto wa Washington mwaka 1921. Halafu bibi mwenyewe akiolewa anabadili jina, akifiwa na kuolewa tena anabadili tena.

Ndiyo maana mimi huanza na mali: wosia, hati za ardhi, risiti, pensheni. Palipo na pesa pana karani.

Chukua Harriet Tubman, yule mwanamke aliyetoroka utumwa kisha akarudi kuwatorosha wengine. Alizaliwa mtumwa Maryland kwa jina la Araminta Ross. Cheti chake cha kifo kinasema alizaliwa 1815, kaburi lasema 1820. Lakini kuna kumbukumbu ya malipo ya Machi 1822: dola 2 kwa mkunga. Weka kando yake tangazo la Oktoba 1849, ambamo Eliza Brodess, mjane wa bwana aliyemmiliki, alitoa zawadi kwa atakayemrudisha "Minty" (yaani Araminta) mwenye umri wa miaka kama 27. Toa 27 kwenye 1849 uone unafika wapi.

Mama yake, Rit, yumo kwenye wosia wa Atthow Pattison, mmiliki wa watumwa wa Maryland, uliothibitishwa 1797. Mzee huyo alimrithisha mjukuu wake Mary msichana aitwaye Rittia, pamoja na watoto atakaowazaa, watumike hadi wafike miaka 45. Inachefua kuisoma. Aliyeandika alikuwa anagawa mali, wala hakuwaza ukoo wa mtu, lakini bila karatasi hiyo kizazi cha mama kingetupotea.

Pensheni ya wajane wa askari ndiyo hazina yenyewe. Mume wa pili wa Harriet, Nelson Davis, alifariki 1888. Jeshini alikuwa ameandikishwa kama Nelson Charles, hivyo mjane alilazimika kuthibitisha kwa viapo kwamba huyo ni mtu mmoja, kwamba walioana Auburn, New York, mwaka 1869, na kwamba mume wa kwanza, John Tubman, alikwishakufa. Mwaka 1895 akapewa dola 8 kwa mwezi; 1899 Bunge likapandisha hadi 20. Usumbufu wote huo ndio uliotuachia waume wawili, majina yote na ushahidi wa watu waliowafahamu. Umri usiuamini hata humo, maana kwenye madai yake mwenyewe kuna 1820, 1822 na 1825.

Kama mume wa bibi yako alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 upande wa Kaskazini, agiza faili zima la mjane kutoka Hifadhi ya Taifa ya Washington. Kadi ya faharasa peke yake haitoshi. Wajane wengine walichana ukurasa wa Biblia wenye tarehe za kuzaliwa watoto wakautuma kama ushahidi, na wakunga na majirani waliapa kwa majina yao. Hao majirani wafuatilie pia; wengi hugeuka kuwa dada na mashemeji.