Baiskeli Haiendi Popote, Miguu Iguse Chini ili Iweje?

Jumamosi nimetumiwa picha nyingine. Baiskeli mpya ya mazoezi, nailoni bado imeng'ang'ania usukani, siti imeshushwa hadi tundu la mwisho, na chini ya picha maneno haya: "Dokta, hii imenitosha kabisa, miguu inafika chini vizuri." Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini hilo la udaktari nilishalisamehe siku nyingi. La miguu kufika chini limenishinda. Kila mvua zikianza hapa Mbeya, watu wanaotembea asubuhi wanakimbia tope, wananunua baiskeli za ndani, na mwezi haujaisha wanaanza kuja kwangu mmoja mmoja wameshika magoti.

Imani hii najua ilikotoka. Wengi wetu tulijifunzia Phoenix ya baba, mguu umepitishwa chini ya bomba, makalio hayajawahi kuonana na siti. Siku uliyoweza kukaa juu na kugusa ardhi kwa mguu ndiyo siku uliyoitwa mwendeshaji. Na kwa miteremko ya mji huu, mguu unaofika chini ni breki ya tatu. Kwa baiskeli ya barabarani sina ugomvi na mtu.

Ila hii iko sebuleni. Imekaa kwa miguu yake minne juu ya vigae. Haianguki, haipishani na bajaji, haisimami kwenye taa za Mafiati. Unataka kugusa chini ili iweje?

Tufanye hesabu, maana ukiielewa hutarudi kwenye ujinga huu. Pedali ikifika chini kabisa bado inaelea juu ya sakafu, tuseme kwa sentimita 12. Ni lazima ielee, la sivyo ingekwangua vigae. Mguu wako ukiwa pale unatakiwa uwe umekaribia kunyooka, goti limebakiwa na mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35. Sasa utoe mguu huo kwenye pedali uupeleke sakafuni: una sentimita 12 nyingine za kutafuta. Kulinyoosha goti lote kutakupa tatu hivi. Zinazobaki utazitafuta kwa ncha za vidole, au kwa kuinamisha nyonga upande mmoja. Kwa hiyo mtu aliyeketi kwenye siti, nyayo zote mbili zimelala sakafuni, ameshajihukumu mwenyewe: siti iko chini mno. Sihitaji hata kumuona akinyonga.

Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapowapotosha. Kimo cha siti hakipimwi kutoka sakafuni. Kinapimwa kutoka kwenye pedali. Baiskeli mbili zenye siti kimo kilekile kutoka sakafuni zinaweza kukupa magoti mawili tofauti kabisa, kwa kuwa moja krenki yake, ile mikono inayoshika pedali, imefungwa juu na nyingine imefungwa chini. Anayekuambia "hii ni fupi, inakufaa mama" huku anaangalia sakafu anakuuzia kigoda.

Mwaka jana alikuja mwalimu mstaafu kutoka Uyole. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, na badala ya marahaba akaniambia, "Mwanangu, baiskeli yako imeniua magoti." Yangu? Ndiyo, yangu. Mimi ndiye niliyemwambia kwa simu atafute baiskeli ya mazoezi, kwa kuwa haimpi goti mzigo wa kukanyaga na kutua kama kutembea mlimani. Ushauri ulikuwa sahihi ila niliukata nusu: sikumwambia neno lolote kuhusu siti. Dukani wakammalizia wao. Alinyonga nusu saa kila siku kwa wiki tatu, maumivu yakakaa mbele ya goti, chini ya ile pia ya goti, yanauma zaidi akipanda ngazi. Nilienda kwake na kipimapembe. Pedali ikiwa chini kabisa, goti lilikuwa limekunjwa nyuzi 62. Ikija juu, goti lilikuwa karibu na kidevu.

Nikapandisha siti matundu manne. Akapiga kelele, "Nitaanguka!"

"Mwalimu, utaanguka kwenda wapi?"

Maumivu yalipungua ndani ya wiki mbili. Hapa ndipo mabango ya kliniki hukatisha hadithi, nami naona aibu kuikatisha hapo. Siku ileile niliyopandisha siti nilimpunguzia pia muda ukawa dakika 10, na uzito wa kunyonga nikaurudisha namba ya chini kabisa. Kilichomponya ni siti, au ni kupumzika? Siwezi kuapa. Jambo la pili: mimi naona tu waliokwisha kuumia. Mji huu una watu wanaonyonga siti ikiwa chini mwaka mzima na magoti yao hayana habari. Hao hawaji kwangu, na wangekuja wengi pengine makala hii ingekuwa fupi. La tatu, hizo nyuzi 25 hadi 35 zilitokana na waendesha baiskeli, na mtu hupimwa akiwa ametulia. Akianza kunyonga, nyonga na kifundo cha mguu hucheza, na mkunjo wa goti huongezeka kuliko ulioupima. Nazitumia kwa sababu zinanipa mahali pa kuanzia, na kwa sababu kushuka kutoka 62 ni jambo la akili ya kawaida.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Ukiwa nyumbani, vua viatu, simama mgongo ukutani, weka kaunta buku katikati ya mapaja, mgongo wa buku uwe juu, ulivute juu mpaka likubane kama unavyobanwa na siti. Mtu akupimie kwa futi kutoka ukingo wa juu wa buku hadi sakafuni. Fanyia chumbani, si dukani. Zidisha kwa 1.09. Ukipata 78, jibu lako ni sentimita 85. Hicho ndicho kimo kutoka kwenye pedali iliyo chini, ukifuata mstari wa bomba la siti, hadi juu ya siti. Namba hii ilitolewa mwaka 1967 na watafiti wa Uingereza, Hamley na Thomas, na wao walikuwa wanatafuta mtu atoe nguvu nyingi zaidi, hawakuwa na habari na goti la mwalimu mstaafu. Kwa wagonjwa wangu huwa naipunguza sentimita moja au mbili. Asiyetaka hesabu aweke kisigino juu ya pedali, aishushe chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Kisha arudishe mguu mahali pake, sehemu pana ya unyayo ndiyo ikae kwenye pedali, na mkunjo utajitokeza wenyewe. Na avae viatu. Kunyonga na yeboyebo ni kutafuta kisa.

Baada ya kusoma haya kuna watakaopandisha siti hadi darini. Msifanye hivyo. Ikizidi, nyonga zinacheza kushoto na kulia kama bata anayetoka mtoni, na maumivu yanahamia nyuma ya goti. Mwombe mtu akuangalie kwa nyuma.

Kwa hiyo unapoenda kununua, kabla ya kuangalia rangi, nenda na futi na ile namba yako. Pandisha siti hadi mwisho, pima. Shusha hadi mwisho, pima. Namba yako iwe katikati, isiwe pembeni, na namba za watu wote wa nyumbani ziingie humo. Baiskeli hainunuliwi na mtu mmoja hapa kwetu. Baba mrefu, mama wa kimo cha kati, na kijana wa sekondari aliyeongezeka mkono mzima tangu likizo iliyopita, wote watapanda. Angalia matundu ya bomba la siti yameachana kiasi gani: yakiwa mbalimbali, kila mtu atakosa tundu lake, moja liko chini kidogo, lingine juu kidogo. Halafu kila mmoja aweke alama yake kwa rangi ya kucha. Usipofanya hivyo hakuna atakayebadilisha siti, wote watanyonga kwenye kimo cha aliyetangulia.

Siti isogee pia mbele na nyuma. Nyingi za bei ndogo hazisogei. Nilifundishwa chuoni kutumia timazi: krenki zikiwa zimelala, uzi ushuke kutoka mbele ya goti upite kwenye ekseli ya pedali. Nilifundisha wengine hivyo kwa miaka, mpaka siku moja nikajiuliza, mbona kwenye baiskeli ya kuegemea, ile ya kukaa kama kitini, goti liko nyuma kabisa ya pedali na watu wananyonga salama? Mvutano wa dunia unauongoza uzi ule, hauliongozi goti. Timazi bado naitumia, lakini siku hizi naitumia kwa sauti ya chini.

Mengine nayapitia mbiombio. Flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na pedali: kila muuzaji anataja kilo zake kama anayeuza ng'ombe. Kinacholainisha mwendo ni uzito pamoja na upana wake na kasi inayozungushwa nayo. Flaiwili ikizungushwa mara mbili zaidi inabeba nguvu mara nne. Kilo 6 zilizozungushwa kwa kasi kubwa zinaweza kuzishinda kilo 12 zinazojikokota. Nyonga polepole na usikilize kama inakwama pale pedali inapopita juu, inatosha. Ugumu wa kunyonga uletwe na sumaku au na pedi? Sumaku, kama mfuko unaruhusu. Haigusani na kitu, haina kelele, wala haina cha kuisha. Pedi inasagika, inanuka, na kwa wanaoishi nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja, jirani atakujua ratiba. Chagua inayofanya kazi bila umeme wa ukutani, sababu mnazijua. Mkanda kuliko cheni, hasa kwa watu wa Tukuyu, ambako hata sufuria hupata kutu.

Baiskeli za feni zina kichekesho chake kwetu. Zinapata ugumu kwa kusukuma hewa, na hapa mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Kwa hiyo ukinyonga kwa kasi ileile, feni ya Dar es Salaam ni nzito kuliko ya Mbeya. Mgeni wa kutoka pwani atahema kwa sababu ya oksijeni huku mashine inamhurumia.

Kalori za kwenye skrini ni makadirio. Kama mashine inaonyesha wati na inasema kweli, wati 100 kwa nusu saa ni kama kalori 180. Ukiona 500 kwa muda huo na hujalowa hata kola, mashine inakupenda tu.

Turudi kwenye hofu ya kuanguka, maana kuna hofu moja ya kweli na haizungumzwi dukani. Baiskeli za spini, zile zenye flaiwili nzito mbele, nyingi hazina nafasi ya kuacha kunyonga: flaiwili ikizunguka, pedali zinazunguka, upende usipende. Ukisimamisha miguu ghafla, zinakusukuma wewe. Ugoko unapigwa, goti linavutwa. Unapunguza taratibu au unabonyeza ile nobu ya breki. Ukishuka, iache imebanwa, kwa sababu ya vidole vya watoto. Kama mna wajukuu wanaotambaa nyumbani, mimi ningeiruka aina hiyo.

Na kwa mzee mwenye kizunguzungu, au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, kupanda na kushuka ni jambo zito kweli. Lakini dawa yake si kushusha siti. Tafuta fremu iliyo chini katikati usiyolazimika kuirukia mguu, au kigoda imara cha kukanyagia, au baiskeli ya kuegemea, ambayo pedali zake ziko mbele. Hiyo ndiyo pekee ambayo nyayo zitalala sakafuni na mimi nikanyamaza.

Kabla sijasahau: pedali ya kushoto hufungwa kinyume. Zote mbili unazizungusha kuelekea mbele ya baiskeli. Ukiilazimisha ya kushoto kama nati ya kawaida unakula nyuzi za krenki, na ninazo simu za kutosha za watu waliokula nyuzi siku ya kwanza.

Mwalimu wa Uyole naye alinunua kigoda. Anapanda kwa kigoda, ananyonga dakika 25, anashuka kwa kigoda. Mwezi uliopita alinipigia kunishukuru, ndaga fijo, akaongeza kwamba kila asubuhi anaikuta siti imeshushwa hadi tundu la mwisho. Ni mzee wake. Hanyongi. Usiku anaikalia akisikiliza taarifa ya habari, miguu yote miwili chini.