Mashine mbili za kusaga, sikio moja

Swali: Nasaga nafaka Majengo, Dodoma. Tajiri ameongeza mashine ya pili, sawa na ya kwanza, lakini naona kelele imezidi kidogo tu. Inakuwaje?

Sikio halipimi kama mizani ya sokoni. Madebe mawili ya mtama yana uzito mara mbili ya debe moja, basi. Mashine mbili zinazofanana nazo hutoa nguvu ya sauti mara mbili, lakini kipimo cha ukubwa wa sauti, kinachohesabiwa kwa desibeli, hupanda desibeli 3 tu, na masikioni hiyo ni nyongeza ndogo. Ili wengi wetu tuseme sauti imekuwa kubwa maradufu, lazima ipande kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Ungehitaji mashine kumi! Ndivyo sikio linavyomudu mnong'ono na radi pia: kutoka sauti hafifu kabisa tunayoweza kuisikia hadi ile ya desibeli 120 inayokera mpaka kuuma, nguvu huzidi mara trilioni moja.

Swali: Kama naona imeongezeka kidogo, si madhara nayo ni kidogo?

Hapana, ndugu yangu, na hapa naomba usome polepole. Madhara hufuata nguvu inayoingia sikioni na muda unaokaa nayo. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Kwa hiyo mashine ile ambayo sikio lako limeipuuza imekunyang'anya nusu ya muda wako wa usalama. Seli za kusikia zikifa, hazioti tena.

Swali: Mbona nimeshaizoea?

Kuzoea si kinga. Pengine kelele inaonekana ndogo kwa sababu usikivu umeanza kupungua. Masikio yakivuma jioni baada ya kazi, au ukiwaomba watoto warudie maneno, nenda ukapimwe.

Swali: Nijikinge vipi?

Vaa vizibo vya sponji, uviingize vizuri, pamba haitoshi. Pokezaneni zamu. Wateja, hasa kina mama wenye watoto mgongoni, wasubirie unga nje, mbali na mlango: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, kelele hushuka kama desibeli 6.