Mashine ilipohesabu watu wawili

Mwaka jana kampuni moja ya hapa Lubumbashi, inayopeleka mafundi migodini, iliniita niisaidie kuingiza akili mnemba katika biro ya wafanyakazi. Wakuu walitaka programu ipange dosye (faili za wafanyakazi) za zamani, kisha ichuje maombi ya kazi. Nilifika na ratiba ya mafunzo ya wiki tatu. Haikufika hata siku ya tano.

Siku ya nne mashine ilitoa orodha ndefu kuliko ile ya mishahara. Shefu akaruka: wafanyakazi hewa! Mama anayetunza dosye, kimya tangu tuanze, akavuta karatasi mbili zilizochakaa kingo, akazilaza mezani: diplomu ya serikali ya 1986 na kontra, yaani mkataba wa kazi, ya 2009. "Habako bantu babili, shefu," akasema. "Ni muntu moya."

Kwetu Kongo mtu ana jina, postinomu (jina la pili linalolifuata) na prenomu (jina la Kikristo, kama Joseph). Ila mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na hayakurudi kwenye makaratasi hadi utawala wake ulipolegea mwaka 1990. Aliyemaliza shule 1986, diplomu yake haina Joseph. Kontra yake inayo, tena mbele ya majina mengine. Programu yenyewe ilijua jina la kwanza na la ukoo, basi.

Nina aibu kusema kwamba katika daftari langu nilikuwa nimemwandika mama huyo "anapinga mabadiliko". Kumbe hakuna aliyemwuliza kitu. (Sisi washauri tunapenda sana neno hilo, linatupunguzia kazi ya kusikiliza.)

Ratiba nikaiweka kando. Makarani wakapewa haki ya kukataa jibu lolote la mashine, mradi waandike kwa nini. Delege wa sendika, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akaitwa, akaja na swali moja: mashine ikikosea, nani anasaini? Swali zito. Sheria ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi amweleze sababu kwa maandishi, na "kompyuta imesema" si sababu. Tukakubaliana: anayesaini ni mtu, na jina lake linaonekana.

Kuchuja maombi niliwashauri waache kwanza. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Amazon ilitupa programu yake ya kazi hiyo: ilijifunza kwa CV za miaka kumi, nyingi za wanaume, ikaanza kuwashusha wanawake. Sasa fikiria ukiilisha dosye za migodi ya Katanga, ambako mwanamke mtambo alikuwa akiuonea dirishani tu.

Juzi mama wa dosye amenipigia simu, anacheka. Tulikuwa tumeifundisha mashine isibabaishwe na majina yanayotofautiana, iangalie pia tarehe ya kuzaliwa na wazazi. Imetii. Imewachukua Mbuyi na Kabanga, mapacha, ikawafanya mtu mmoja mwenye mshahara mmoja.

"Nimekataa," akaniambia. "Na sababu nimeandika."