Mdondo hauna dawa, una chanjo

Kilolo, Mufindi hadi Rungwe, kuku ni wa mama. Ng'ombe akiugua anatafutwa mtaalamu. Kuku wakianza kusinzia, mama anaachwa na pilipili na shubiri yake. Ndiyo maana uvumi kuhusu mdondo, ugonjwa unaoua kuku, umeota mizizi.

"Kuku wa kienyeji ni wagumu, hawahitaji chanjo." Ugumu wao ni wa kujitafutia chakula na kuhimili baridi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na kirusi, na kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache.

"Unaletwa na upepo." Upepo unasingiziwa tu. Mara nyingi mleta ugonjwa ni kuku mgeni: wa mnadani, wa zawadi, au yule aliyekosa mteja akarudishwa nyumbani. Hata kinyesi kilichoganda kwenye viatu au tenga kinatosha. Mgeni atengwe wiki mbili.

"Tetrasaiklini inatibu." Antibiotiki haiui virusi. Fedha inapotea, na mayai yenye mabaki ya dawa yanaendelea kuliwa.

Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, dozi ile ile kwa kifaranga na kwa jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ila si ya kuachwa juani. Wanaosema "chanjo iliniulia kuku" mara nyingi walichanja kuku waliokwisha kuambukizwa; kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Kwa hiyo huchanjwa wazima, kabla ugonjwa haujafika kijijini.

Tatizo la kweli, kwa maoni yangu, ni chupa ya chanjo. Ina dozi nyingi, na mwenye kuku kumi haoni sababu ya kuinunua peke yake. Kitongoji kikichanga na kuchanja siku moja, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo, na hakuna banda linalobaki kuambukiza mengine.

Nani achanje? "Bwana mifugo." Sawa, akipatikana. Lakini tone la jicho halina sindano. Mwanamke aliyefundishwa analiweza, analipwa kwa kila kuku, na anaingia ua wa jirani bila kungoja baba mwenye nyumba arudi.

Kuku wakipona, huja neno lingine: hela ya mama ikinunua shamba, jina liandikwe la baba, eti ndiyo mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, inaweza kuwa na jina lake peke yake, au la wote wawili, na maombi hupelekwa halmashauri ya kijiji.